Baba Mkwe Alipotaja Kibiriti

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyoelewa neno moja vibaya, na nusura nikose mke.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Madukani mwa Babati ulimkuta mwenye duka na rafu zake, bidhaa hukuziona. Sukari ilipatikana kwa foleni, sabuni kwa bahati, na mabati ndiyo usiseme. Tulikuwa tukitaniana kwamba Babati nzima haina bati. Basi nyumba yangu mpya pale Singe niliiezeka kwa nyasi, tena kwa majivuno. Niliijenga katikati ya mikaratusi aliyoipanda marehemu baba. Miti ilikuwa imebanana, matawi yameinamia paa, na chini yake magome makavu yamechanganyika na nyasi za kufika magotini. Sikugusa hata tawi. Niliona nikikata mti mmoja tu nitakuwa nimemvunjia baba heshima kaburini.

Nilikuwa nimemposa Emiliana, binti wa Sigino. Siku hiyo baba yake alikuja kuona mwanawe atakaa wapi. Alikuwa mzee wa kutoka milima ya Mbulu, na Kiswahili chake alikitumia kwa kubana matumizi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akaizunguka nyumba mara mbili. Akaokota gome, akalisaga kiganjani, akainua fimbo kuelekea kwangu.

"Kwanza kibiriti," akasema. "Maliza habari ya kibiriti. Halafu tupange harusi."

Akaondoka. Hata chai yangu isiyo na sukari hakuimaliza.

Sasa wewe ungeelewa nini? Kibiriti kilikuwa adimu kuliko nyama. Wanawake walikwenda kwa jirani kuomba moto, wakarudi na kaa jekundu juu ya gae la chungu, wakipita katikati ya miti yangu kwa sababu ndiyo njia ya mkato. Nikajisemea, kumbe mzee mjanja, anataka vibiriti viongezwe kwenye mahari! Nilitamani kumwuliza, lakini niliona aibu. Kijana niliyemaliza darasa la saba, nimwulize mzee maana ya neno la Kiswahili? Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami nikachagua ujinga.

Nilihangaika wiki mbili. Mwisho bwana Salimu, mwenye duka karibu na stendi, akanitolea pakiti ya vibiriti chini ya meza, kwa majogoo wawili.

"Majogoo wenyewe wamekonda," akasema. "Nakuonea huruma tu kwa vile unaoa."

Nikavaa viatu vya kanisani, nikaifunga pakiti katika kitambaa cheupe, nikatembea mpaka Sigino. Baba Emiliana akafungua. Akavitazama vibiriti, akanitazama mimi, akavitazama tena.

"Hivi ni nini?"

"Kibiriti, baba. Kama ulivyosema."

Mwanangu, mzee yule alicheka mpaka akatafuta kigoda akae. "Mama Emiliana! Njoo umwone mkweo! Nimemaanisha nyumba yake ni kibiriti, yeye kaniletea vibiriti!" Jikoni nikasikia Emiliana naye amepasuka kwa kicheko. Nilitamani ardhi inimeze, viatu na vyote.

Kisha mzee akaacha kucheka. "Mimi niliunguliwa," akasema. "Nilikuwa kijana kama wewe, kule Nakwa. Vichaka vilifika mlangoni. Tulitoka na mtoto na chungu kimoja. Kwako watu wanapitisha kaa kila asubuhi. Emiliana simweki humo."

"Lakini baba, miti ile ni ya marehemu baba yangu."

Akanijibu Mama Emiliana. "Mwanangu, mahindi yakiota manne shimo moja, unafanyaje?"

"Nang'oa mawili, mama."

"Kwa kuwa unayachukia?"

Nikaomba wanisaidie kuipunguza.

Jumamosi iliyofuata tukafanya msaragambo, kazi ya pamoja. Baba Emiliana mwenyewe alikuja na panga lake, na majirani wote wakatoka. Tuliondoa miti dhaifu iliyobanwa, tukaiacha ile minene isimame mbalimbali. Tukapogoa matawi ya chini, tukakwangua magome na nyasi kuizunguka nyumba mpaka udongo ukaonekana. Hatukuchoma hata jani. Akina mama wakabeba kuni mpaka wakachoka, fito tukaziweka kando kwa banda la harusi, kama harusi ingekuwapo, maana mzee alikuwa bado hajataja siku. Togwa ilinywewa, nyimbo zikaimbwa, na mimi nikabatizwa upya: Bwana Kibiriti. Nilinuna kidogo, halafu nikacheka pamoja nao. Na miti ya baba, ilipopata nafasi, ilipendeza kuliko nilivyowahi kuiona.

Haukupita mwezi. Mchana mmoja wa upepo, jirani yangu Mama Paskali alijikwaa na gae lake, kaa likaangukia nyasi za shamba lililolala upande wa pili wa njia. Moto ukaja kwangu ukinguruma. Lakini ulipofika kwenye miti ukakosa cha kula. Ukatambaa chini chini, nasi tukaupiga kwa matawi mabichi mpaka ukafa, mbali na mlango. Mama Paskali alikuwa akilia. Tukamwambia asilie, njia ile ni ya wote.

Mara akatokea Baba Emiliana, mbio kutoka Sigino, kiatu kimoja hana, mkononi debe tupu. Alikuwa ameuona moshi. Akaitazama nyumba. Akanishika mikono yangu yenye masizi, yeye ambaye hakuwahi kunigusa.

"Jumapili hii padre atangaze," akasema.

"Atangaze nini, baba?" nikauliza, maana safari hii sikutaka kubahatisha.

"Ndoa, we kijana! Unataka atangaze nini, bei ya mahindi?"

Watu waliangua kicheko, na mimi nikalia kwa furaha mbele ya wote.

Mwanangu, juzi nimepita kwenye kiwanja chako. Vichaka vimefika dirishani. Usingoje kiangazi. Kupunguza si kuharibu. Mti unaoupenda ndio unaotakiwa kuupa nafasi. Toa ulio dhaifu, pogoa matawi ya chini, kusanya yaliyokauka, na uwaite majirani wachukue kuni, kwa sababu moto haujui mpaka wa shamba. Na mkubwa akikuambia neno usilolielewa, uliza hapo hapo.

Mungu akubariki, akupe kivuli kisicho na hofu, na watu wa kukukimbilia hata kwa kiatu kimoja. Haya, panga langu liko nyuma ya mlango. Lichukue.