Joho la Mfalme Nililolitia Wanga

Hapa kwetu Chokocho kuna watu mpaka leo wakiniona napita wananililia "meee", na mimi siwalaumu kwa sababu nilijitakia mwenyewe, kwa hiyo bora niwasimulie mimi kabla hamjasimuliwa na wao (maana wao wanaongeza, kuna anayesema niling'atwa na mbuzi, si kweli, nilikanyagwa tu).

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Skuli niliiacha darasa la sita, nikabeba mizigo bandarini Mkoani, nikakoroga zege Tanga, na hukohuko nikakaa wiki tatu na fundi cherehani mmoja kwa sababu tu nilitaka kujua kola inasimama vipi. Wiki tatu hizo ndizo zilizoniponza.

Mwaka jana nilikuwa nimerudi kukaa kwa dada yangu Mwanaisha, ambaye ana binti wa miaka kumi, Raya. Raya ana kigugumizi. Nyumbani anazungumza vizuri tu, taratibu, na sisi tunamsubiri, lakini skuli alikuwa hafungui mdomo tangu siku aliyosimama kusoma na darasa zima likamcheka. Basi Mwalimu Neema, mwalimu wao kutoka bara, mpole lakini akishika jambo haachii, akampa Raya awe mfalme katika mchezo wa kuigiza wa siku ya wazazi. Majirani wawili wanagombea mnazi, mfalme anawasikiliza, mwisho anasimama na kutoa hukumu. Kila mtoto aje na nguo zake.

Raya akanifuata uani.

"Mjomba, utanishonea jo-jo-joho?"

"La namna gani?"

"Kubwa. Likiwa kubwa watu wa-wataangalia joho, hawataniangalia mdomo."

Sasa niambieni, mtoto akikwambia hivyo unamjibu nini?

Pesa sikuwa nayo, lakini palikuwa na pazia jekundu la mlango ambalo dada alikwisha kulitupa kwa kupauka upande mmoja, nikalichukua, nikaazima cherehani kwa jirani, nikapasua mto mkuukuu nikatoa sufi ya kufanyia ukingo mweupe, na mapambo ya dhahabu nikayakata kwenye karatasi za peremende (niliyezila zile peremende ni mimi, kazi ni kazi). Lilitoka joho zuri, wallahi. Dada akaligeuzageuza akasema, "Limekwisha hilo, liache hivyo hivyo."

Ningemsikiliza, leo ningekuwa napita njiani kama watu wengine. Lakini kola ilikuwa inalala. Pazia lililofuliwa miaka yote ile halina nguvu, na mimi kichwani nilishamwona mfalme mwenye kola iliyosimama mpaka masikioni. Ndipo nikakumbuka kofia. Kofia zetu za kushona kwa mkono tunazitia wanga, unachovya kwenye uji mwepesi wa muhogo, unaanika, unapiga pasi, inasimama. Nikajiuliza, kama uji unasimamisha kofia, kwa nini usisimamishe joho zima? Nikapika sufuria kubwa. Na chumvi, maana dada hutia chumvi kidogo ili pasi isigande, ila yeye hutia chembe kwa kofia moja, mimi kwa joho nikaona viganja viwili si vingi.

Lilipokauka lilisimama peke yake uani kama mtu asiye na kichwa.

"Ya Rabi," dada akasema, "joho hilo au bati?"

Siku yenyewe Raya alilivaa akatoka mlangoni ubavu ubavu, na njia nzima lilikuwa likilia kwaru, kwaru, na yeye kidevu juu. Sijapata kumwona anatembea vile. Nikakaa mstari wa tatu nikijisikia fundi.

Mfalme akakaa kwenye kiti chake, joho likatapakaa nyuma mpaka nje ya turubai lililofungwa uwanjani, na huko nje kulikuwa na beberu wa Mzee Faki anayekaa karibu na skuli, mbuzi ambaye kamba kwake ni pambo tu. Akanusa. Akalamba. Kisha akaanza kula, muhogo wenye chumvi, nani angekataa?

Aliyekaa kando yangu akaniinamia. "Yakhe, yule mbuzi yumo kwenye mchezo?"

"Hayumo."

"Mbona kazi yake anaijua?"

Wagombea mnazi wakamaliza, Raya akasimama kutoa hukumu, "Mimi m-m-m..." na hapohapo joho likavutwa nyuma, naye akayumba. Sikufikiri. Niliruka watoto, nikaruka mkeka wa akina mama, nikashika ncha moja, beberu akashika nyingine, tukavutana, pazia likapasuka kwa mlio wa kusikika bandarini, nikaanguka kifudifudi mbele ya wazazi wote, nusu ya joho imenifunika kichwa na beberu amepanda mgongoni.

"Mwachie mbuzi wangu!" Mzee Faki akapiga kelele. "Kwani si wewe uliyempikia?"

Uwanja mzima ukacheka. Na mimi gizani mle chini ya pazia nilijua kwamba nimemmaliza mtoto wa dada yangu, kwamba kicheko alichokikimbia mwaka mzima nimemletea mwenyewe kwa sufuria. Nikajifunua. Raya amesimama na sare yake ya skuli, shingoni imebaki kola tu.

"Twende zetu, mwanangu," nikamwambia.

Akanitazama, akawatazama watu. Nadhani ndipo alipoona kwamba hakuna hata mmoja anayemcheka yeye. Kicheko chote kilikuwa changu.

"Wa-wa-wa..."

Kicheko kikakatika. Tukasubiri.

"Walinzi! M-mkamateni mtu huyu! Yeye na m-mbuzi wake!"

"Mbuzi ni wangu mimi, mtukufu!" Mzee Faki akadakia.

"Na wewe Mzee, u-utulie!"

Na Mzee Faki akatulia, jambo ambalo mkewe anasema hajapata kulishuhudia. Walinzi wawili wenye mikuki ya makuti wakanishika mikono, wakanifungia darasani, na kupitia dirishani nikaisikia hukumu yote, kila neno na kukwama kwake, mpaka mwisho, na makofi yake. Mwalimu Neema alikuja kunifungulia huku anajifuta macho kwa kiganja. "Kaka," akasema, "maneno ya walinzi hayakuwa kwenye mchezo. Ametunga mwenyewe."

Wanga sitii tena kitu chochote, hata kofia yangu sasa inalala. Juzi Raya ameniambia mwaka huu amemwomba mwalimu sehemu yenye maneno mengi. Mimi nikaanza kumpima mabega kwa macho, unajua tena, nikamuuliza atavaa nini.

"Sa-sare," akasema. "Wewe Mjomba njoo u-ukae tu."

Nimemwahidi. Nitakuja, nitakaa.