Mtoa Dawa na Kidonge cha Shemeji

Saa nne asubuhi, mtoa dawa ameshavuka geti la zahanati, koti jeupe halijafungwa vifungo, na foleni aliyoiacha inampigia kelele.

"Dada, ndiyo unatuacha hivyo?"

"Narudi! Na mtu asiguse dirisha langu!"

Mwendo wake si wa kutembea wala wa kukimbia, ni wa mtu aliyekumbuka jambo akiwa amechelewa. Anamfuata fundi rangi, mgonjwa wa pumu, aliyeondoka robo saa iliyopita. Fundi ana pampu mpya mkononi, na mfukoni ana vidonge ambavyo si yeye aliyempa.

Mama huyu wa miaka arobaini na saba amekaa dirishani miaka kumi na tisa. Kwa siku huhudumia watu wapatao mia moja na arobaini, kila mmoja dakika tatu, na hizo ni siku nzuri.

Asubuhi hiyo fundi alilalamika kwamba pampu yake imeisha nguvu. Tena ikimpa nafuu humkimbiza moyo, ila kwa hilo ameshasaidiwa: mke wa kaka yake kampa dawa ya moyo.

"Shemeji kakupa dawa ya moyo?" mama mmoja akadakia kutoka nyuma. "Kaka yako ana habari?"

Foleni ikaangua kicheko. Mtoa dawa naye akacheka, akamkabidhi pampu, akaita anayefuata.

Wa tano baada ya fundi alikuwa bibi wa presha. Mtoa dawa alikuwa anamhesabia vidonge vya propranolol, mkono ukasimama hewani. Vidonge hivyo hivyo humpa yule shemeji kila mwezi.

"Chukulia njia za hewa zina viti vidogo vidogo," anamweleza baadaye mwandishi wa habari hii. "Tunaviita vipokezi. Dawa ya pampu ikikaa pale, inatoa amri: legezeni, hewa ipite. Kidonge cha shemeji kinakalia kiti kile kile, kimya. Amri hakitoi, na kiti hakiachi. Mabosi wa namna hiyo si unawajua?"

Kwa moyo wa shemeji hakina ubaya, anasema. Kazi yake ni kuutuliza. "Lakini kikishamezwa, hakiulizi kama hapa ni moyoni au mapafuni."

Anamkuta fundi kwenye jengo linalopakwa rangi, juu ya ngazi, brashi mkononi, mabega yanapanda na kushuka.

"Shuka."

"Dada... ukuta huu..."

"Shuka nimesema! Umemeza vingapi?"

"Kimoja jana. Kimoja... alfajiri. Cha mchana... hiki hapa."

"Lete. Pampu umevuta mara ngapi?"

"Nane. Hata hii mpya... feki."

"Si feki. Kiti kimekaliwa."

"Kiti... gani tena?"

"Utaelezwa ukishapumua."

Anamkalisha nyuma ya pikipiki ya msimamizi wa jengo, yeye anamshikilia kwa nyuma, na wote watatu wanarudi zahanati. Tabibu anamwekea oksijeni, kisha anamvutisha dawa nyingine, inayokalia viti tofauti ambavyo kidonge hakikuvifikia. Inachukua karibu saa nzima kabla fundi hajaweza kusema sentensi moja bila kukatika.

"Mtu alinieleza ugonjwa wake, mimi nikacheka," anasema mtoa dawa. "Sitaki yanikute mara ya pili."

Tangu siku hiyo kila anayefika dirishani huulizwa: "Na dawa ya mtu mwingine, umemeza ipi?" Mwezi wa kwanza wa swali hilo, watu thelathini na mmoja walikiri. Mganga mkuu amemwita mara mbili kumwambia foleni haiendi. Alijibu kwamba itaenda polepole, na akaomba aongezewe mtu wa kusaidia dirishani. Bado hajapewa, na ameshapeleka barua ya tatu.

Fundi alilazwa siku mbili. Kazi ya jengo lile ilimalizwa na mwenzake; yeye sasa anapaka rangi shule, na pampu yake amepunguziwa kipimo ili isimkimbize moyo. Shemeji anaendelea na vidonge vyake na hagawi tena. Mama aliyechekesha foleni bado huja kila wiki mbili, na huulizwa swali kama wengine. Mtoa dawa anarudia mtihani wa stashahada ya famasia mwezi ujao. Mara ya kwanza zilimpungukia alama mbili tu za kufaulu.