Bakuli la Wali Lililomrudisha Mama Mkwe Mezani

Jumapili, saa moja asubuhi, mjini Jeonju. Bi Tak Myeong-hui anakamua mchicha kwa mikono miwili hadi tone la mwisho, kisha anautia chumvi, kitunguu saumu na mafuta ya ufuta. Karoti na uyoga vimeshakaangwa. Soya iliyochipuka inapoa kwenye ungo.

Mezani ameketi mama mkwe wake, Bi Bong Sun-im, mwenye umri wa miaka 87.

"We dada, fanya haraka. Njaa haina adabu!"

"Nakuja, mama. Hili yai ndilo linalojivuta."

Siku tano za wiki, Bi Myeong-hui, 59, huwapikia wanafunzi 600 katika jiko la shule. Kazi hiyo humpa won milioni mbili na ushei kwa mwezi, pamoja na maumivu ya bega yasiyokwisha. Jumapili hupika bibimbap, wali wa kuchanganya na mboga, kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Na mtu huyo ndiye aliyewahi kumliza. Mwaka 1989, wiki moja baada ya harusi, Bi Myeong-hui alimwandalia bakuli kama hili mbele ya wageni. Mama mkwe alionja, akalisukuma kando.

"Huyu amepika au amefua?"

Wageni wakaangua kicheko.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anakumbuka. "Tangu siku ile, nikipika chochote, yeye anatia chumvi kabla hata hajaonja. Miaka zaidi ya thelathini!"

Miaka mitatu iliyopita kumbukumbu za bikizee zikaanza kumtoka. Alisahau mtaa, kisha mwanawe, kisha mkwewe. Majira ya baridi yaliyopita akagoma kula kabisa. Uji aliutema, supu akaimwaga. Alipungua kilo tisa, na daktari akaanza kuzungumzia mpira wa kumlishia puani.

Mwanawe Yang Jong-cheol, mume wa Bi Myeong-hui na dereva wa lori, alikubali shingo upande. Bi Myeong-hui akaomba wasubiri siku mbili.

Siku ya pili, akiwa hoi, alijipikia bakuli lake mwenyewe. Alipomimina tu mafuta ya ufuta, mkono mkavu ukalivuta. Bikizee akakoroga, akala, akakwangua mpaka chini.

"Dada, umefunzwa na nani?" akauliza. "Wali haujawa bokoboko, mboga zina uhai. Mimi nina mkwe, lakini hajui kitu. Nitamwita umfundishe."

Bi Myeong-hui alikimbilia roshani. "Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Amenisifu, na hajui kama ananisifu mimi."

Mbona hakujitambulisha? "Thubutu! Akijua ni mimi, ataomba chumvi."

Tangu hapo bikizee amerudisha kilo sita. Zipo siku anageukia ukutani na hali kitu, na mkwewe humwacha apumzike, kisha hujaribu tena kumlisha jioni.

Februari ijayo Bi Myeong-hui atastaafu. Anataka kutengeneza pilipili ya kuchachusha ya akina Bong, ambayo mama mkwe hakumfundisha mtu yeyote.

"Nilipoolewa nilimwomba, akaniambia siri ya nyumba haipewi mtu wa kuja," anasema. "Juzi nikamuuliza tena, kama jirani tu. Akanishika mkono: 'Njoo, dada. Na uje na daftari, maana mimi siku hizi nasahau.'"