Simiyu Wawili na Hukumu Moja ya Bungoma

Nilitoka Kitale Ijumaa asubuhi kwa sababu ya mzazi mmoja na simu yake. Mama huyo, ambaye mtoto wake yuko katika chekechea yangu, alitafuta mtandaoni jina la dereva wetu, Simiyu Wanjala, akakuta hukumu ya mahakama ya Bungoma: Simiyu Wanjala, kifungo, kumkata mtu panga. Kufikia jioni wazazi wote walikuwa nayo. Kamati ya wazazi ikaniambia nilete ukweli kufikia Jumatatu, la sivyo nitafute dereva mwingine.

Cheti cha Simiyu cha maadili mema ninacho ofisini, na ni safi, lakini kamati ilisema vyeti siku hizi vinanunuliwa. Kilichonivuruga zaidi ni Simiyu mwenyewe, mtu anayewapangusa watoto kamasi kwa leso yake. Nilipomuuliza, alitazama viatu vyake. "Hiyo ni jina yangu, madam, lakini si mimi." Basi ni nani? Akaenda kufuta vioo vya gari. Jamani, mtu aliyesingiziwa si hupiga kelele? Mimi ningelia mpaka Kiminini wanisikie. Nilipanda gari nikiwa nimemkasirikia.

Webuye nilishuka kubadilisha gari, nikanywa chai kwenye kibanda karibu na barabara kuu. Utotoni harufu ya kiwanda cha karatasi ndiyo iliyotuambia tumefika Webuye. Nilifanya mazoezi ya swali langu kimoyomoyo, na kila nilipolirudia lilisikika kama umbea.

Bungoma mjini nilienda moja kwa moja kwenye masjala ya mahakama. Karani, kijana mpole mwenye sweta ya kijani, aliniuliza ninamtaka Simiyu Wanjala yupi. Nikamwambia yule wa kwenye mtandao. Akacheka kidogo, akaniletea faili kadhaa. Mmoja alikuwa ameiba baiskeli, mwingine alikuwa amehamisha mpaka wa shamba. Ya panga haikuwa na picha wala nambari ya kitambulisho, ila kijiji tu, karibu na Chwele. Na Simiyu wangu kwao ni Chwele.

"Cheti husoma alama za vidole," karani akaniambia. "Hii faili husoma jina. Na hapa kwetu jina ni la marehemu, madam. Wanaolibeba wanaweza kuwa wengi."

Sikuelewa chochote. Nilimshukuru, nikatafuta pikipiki ya kunipeleka Chwele.

Chwele haikuwa siku ya soko, kwa hivyo barabara ilikuwa wazi. Mwendeshaji aliuliza kwa wauza ndizi nyumba ya Simiyu Wanjala, nao wakamuuliza kama ni marehemu au walio hai. Kichwa kilizidi kuniuma. Tulielekezwa kwa bibi mmoja, mjane wa huyo marehemu, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni. Kila mtu alimwita Kukhu, yaani nyanya, nami nikamwita hivyo.

Nilipotaja jina, aliacha maharagwe. Mume wake alipofariki, akanieleza, wajukuu wawili walizaliwa karibu pamoja, katika nyumba za wanawe wawili. Wote wakawa wanalia tu. Majina yakajaribiwa, wapi. Hawakunyamaza mpaka walipoitwa jina la mzee. "Alitaka kurudi kwa nyumba zote mbili," Kukhu akasema. "Ningemkataza?"

Mmoja wa wajukuu hao ni dereva wangu. Wa pili alitoka zizini akiwa na ndoo ya maziwa, akanisikiliza, kisha akasema ya panga ni yake. Alikuwa amelewa, waligombania ng'ombe sokoni, na alifungwa mpaka akamaliza kifungo chake. Sasa usiku analinda ghala la mahindi Webuye, na tajiri wake hajui. Akanimiminia chai. Nilimuuliza kwa nini binamu yake hakusema tu.

"Hawezi," akajibu. "Kwetu jina la mzee huwezi kulipeleka mbele ya watu liaibishwe, na kunitaja mimi ni kumtaja mzee. Na wewe, madam, watakuuliza ni nani. Utawaambia?"

Nikanywa chai.

Nilirudi kupitia Kimilili, mlima Elgon ukiwa umefunikwa na mawingu. Njia nzima nilibishana na nafsi yangu. Wazazi wana haki ya kujua nani anawabeba watoto wao. Lakini huyu habebi watoto, analinda mahindi. Na angekuwa ndiye dereva wangu, ningefanyaje?

Jumatatu niliiambia kamati kwamba si yeye, na kwamba mwenye kesi nimemwona kwa macho yangu. Yule mama akauliza ni nani, anafanya kazi wapi, simu ikiwa mkononi tayari. Nikasema, "Mliniuliza habari za dereva. Nimewaletea za dereva." Walinung'unika, lakini wakaridhika.

Nikiulizwa nilijifunza nini, sijui. Nilienda kumtafuta mtu mbaya, nikamkuta, na mpaka leo ninamwonea huruma. Nimechanganyikiwa kuliko nilivyotoka.

Nilimkuta Simiyu kando ya gari la shule. Nikamwambia Kukhu anamsalimia. Hakuuliza kama kazi bado ni yake.

"Ulimtaja binamu yangu?"

"Sikumtaja."

Miguuni mwake kulikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake mto wake wa kukalia, koti lake la mvua na ile leso. Alikuwa amekwisha fungasha. Akaufungua mfuko, akarudisha mto kwenye kiti cha dereva, kisha akaenda kuwaita watoto.