Sinia la Pembeni

Bibi jirani yangu huwa na mikono myekundu Agosti yote, maana kila asubuhi hupanda kwenye paa kukoroga rojo la nyanya aliloanika kwenye masinia. Hulisawazisha kwa kiganja, hulamba kidole gumba na kusema, "Chumvi bado." Kila siku chumvi bado. Mimi ndiye mwonjaji mkuu wa mtaa. Cheo hicho nilijipa mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kunipinga. Wajukuu wake, Elvan na Doruk, walipokuja kutoka Ujerumani, walichovya vidole mle wakachora paka, kisha mimi na pua yangu. "Tokeni, mashetani wadogo! Chakula cha mwaka mzima hicho!" akawafukuza, kandambili mkononi. "Bibi, ionje kwanza pua ya mjomba!" Akaifuta pua yangu nzuri kwa kiganja kimoja.

Jumapili gari lao lilipoondoka, alimwaga maji nyuma yake kama desturi yetu, ili warudi upesi. Kesho yake nikapanda kuonja. Masinia yote yalikuwa yamekorogwa, isipokuwa la pembeni, lenye alama za viganja viwili vidogo walizoziacha kwa siri asubuhi ya safari. Juma zima hakuligusa, likaota ukungu.

"Dada, hilo linaoza."

"Naliona."

"Sasa mbona hulikorogi?"

"Jumamosi waliniomba wachore tena, na mimi nikawagombeza." Akalamba kidole gumba, lakini habari ya chumvi hakuitaja. Kisha akalifunika lile sinia kwa kitambaa safi, nzi wasilichafue.