Salamu ya Mtoto Ilivyomvunjia Mama Pacha Mtihani

Miguu miwili iliyovaa raba imetokeza chini ya meza ya mapokezi ya hospitali. Mwenye miguu yuko uvunguni, tochi mdomoni, anaufuata waya wa kijivu kwa vidole. Juu ya meza skrini ya kompyuta imeganda, na foleni ya wagonjwa imefika mlangoni.

"Mama Pacha, umelala huko?" anauliza nesi aliyeinama kumchungulia. Nesi huyu wametoka naye nchi moja, na katika hospitali hii ya ughaibuni ndiye pekee anayemwita kwa jina hilo. "Au ndiyo mtaka cha uvunguni?"

"Mimi sina ninachokitaka huku. Nani kasogeza kabati?"

Nesi anakohoa kidogo. Anakiri kwamba ni yeye, alikuwa anaitafuta hereni yake. Mguu wa kabati umeukalia waya hadi ukakatika kwa ndani.

Mama Pacha anatoka na vumbi magotini, anachomeka waya mpya, skrini inaamka na foleni inasogea. Hereni nayo anaiweka juu ya meza.

"Mashine zinakuogopa wewe," nesi anamsifu.

"Haziniogopi. Zinajua sina cheti."

Anatania, ila hapo ndipo penye shida. Tangu fundi wa mtandao wa hospitali alipostaafu, Mama Pacha ndiye anayekaimu. Anapanda ngazi, anapita kwenye dari, anaunganisha wodi na maabara. Mkuu wa kitengo amemwambia waziwazi kwamba kazi anaiweza, lakini bila cheti cha mtandao nafasi hiyo hawezi kupewa. Mwisho wa mwezi inatangazwa.

Jumamosi hii anafanya mtihani kwa mara ya pili. Akianguka, atarudishwa kitengo cha kupokea simu, zamu ya usiku, kuwaambia watu wazime mashine kisha waiwashe. Na usiku ndipo mume wake, dereva wa basi, anapokuwa barabarani. Watoto watatu hawawezi kubaki peke yao.

Alipofika nchi hii na mume na binti mchanga, alikuwa na stashahada ya uhazili na miaka kadhaa ya kazi katika ofisi ya shule. "Niliitoa ile stashahada kama mtu anayetoa silaha," anasema. "Haikumtisha yeyote." Kazi aliyoipata ni ya ghalani, kupanga viatu kwenye maboksi akiwa amesimama siku nzima.

Siku moja mume wake aliokota kompyuta kuukuu nyuma ya jengo lao, akidhani binti atachezea vitufe. Mkewe aliifungua yote kwenye meza ya jikoni, akaisambaza, na kila kipande akakibandikia jina. "Nilileta mashine moja nikapata vyuma mia," mume anakumbuka. "Mwezi mzima tulikula sahani zikiwa mapajani."

Kwa kompyuta ileile alijisomea cheti cha kwanza, cha ufundi wa kawaida. Ada ya mtihani ilimeza mshahara wa wiki mbili za ghalani. Alifaulu, hospitali ikamchukua kupokea simu. Kisha wakaja pacha, na cheti cha pili, kabla ya hiki cha mtandao, akakisoma akinyonyesha, kitabu kimeegemezwa kwenye sufuria. "Ukurasa nilikuwa naufunua kwa kiwiko," anasema. "Usiniulize nilielewa nini. Nilielewa."

Nyumba hii ina utaratibu mmoja usiojadiliwa: hawasomi watu wawili kwa wakati mmoja. Mmoja akishika kitabu, mwingine anashika watoto, chakula na nguo. Mume alisoma kwanza, akapata leseni ya basi. Zamu zilizofuata zilikuwa za mke. Safari hii ilikuwa zamu ya mume tena, maana kampuni yake inaleta mabasi ya umeme na inataka madereva watakaojifunza kuyatengeneza. Lakini nafasi ya hospitali ikajitokeza, naye akampisha mkewe.

Mtihani wa kwanza wa cheti cha mtandao Mama Pacha aliufanyia nyumbani, kama inavyoruhusiwa. Msimamizi anakuangalia kupitia kamera ya kompyuta akiwa mji mwingine kabisa. Unamwonyesha kuta, chini ya meza, hata masikio. Ukishaanza, mtu haingii chumbani, na wewe hutamki neno.

Binti yao wa miaka kumi aliambiwa mara tatu: ukitoka shule, mlango wa chumbani usiuguse. Naye hakuugusa. Alivua viatu, akaweka mkoba, akasimama nje ya mlango uliofungwa na kufanya kile ambacho mama yake amemfundisha tangu anajua kusema. Katika nyumba hii anayeingia bila kuamkia hurudishwa nje akaingie upya, hata kama mvua inanyesha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," Mama Pacha akajibu, macho yakiwa kwenye swali.

"Lilitoka lenyewe, kama chafya," anasema. "Hata sikujua nimesema. Nikaona maandishi kwenye skrini: unaongea na nani?"

Aliandika kueleza. Kwamba ni mtoto, kwamba ni salamu tu, kwamba kwao mkubwa haachi kuitikia. Msimamizi akamjibu kwa upole kuwa anaelewa, kisha akafunga mtihani. Alikuwa amevuka nusu. Ada haikurudi.

Binti alilia hadi akakataa chakula. "Ningemchapa kwa kosa gani?" mama anauliza. "Kwa adabu niliyomfundisha mwenyewe? Nilimwambia, mwanangu, wewe umefaulu, aliyefeli ni mimi." Mume alijaribu kunyamaza, akashindwa. Alicheka hadi akatoka jikoni. Mke alimfuata na mwiko, naye akajikuta anacheka.

Kicheko kilipoisha, hesabu ilibaki palepale. Mtihani wa marudio ungekula miezi mingine ya zamu ya mume, na kozi ya mabasi huanza mara moja tu kwa mwaka. Mke alimwambia achukue zamu yake, yeye atavumilia simu za usiku. Mume alikataa.

"Abiria humshushi katikati ya daraja," anasema. "Amalizie safari, mimi nitapanda kinachofuata."

Anachosema kwa wepesi si chepesi. Usajili wa kozi hiyo unafungwa wiki ijayo. Mke akianguka tena, wataanza upya wote wawili.

Jumamosi mvua inanyesha tangu asubuhi. Mume anawavisha watoto makoti na kuwatoa wote, hadi watakapopigiwa simu. Uwanja wa michezo umejaa maji, kwa hiyo wanaishia kwenye duka la mashine za kufulia mwisho wa mtaa, ambako kuna joto na viti vya bure. Hawakubeba hata soksi moja ya kufua. Pacha wanachagua kila mmoja mashine yake na kushindana nguo za nani zinazunguka haraka, ingawa nguo zote ni za watu. Mwenye shuka za maua anawaangalia kwa mashaka.

Baba yao ameiweka simu gotini. Anaigeuza, anaifuta kioo, anairudisha. Binti anamuuliza kama mama akichelewa ni dalili nzuri au mbaya. Anajibu kuwa ni dalili ya maswali mengi.

Simu haiiti. Badala yake mlango unafunguliwa na Mama Pacha mwenyewe anaingia, mwavuli ukichuruzika, sura kavu kama ya mtu aliyekuja kulipia umeme. Mume anasimama. Anamsoma usoni, haambulii kitu.

"Usajili wenu unafungwa lini?" mke anauliza.

"Jumatano."

"Basi Jumatatu uende. Zamu yako."

"Umefaulu?"

"Ningetembea na mvua hii kuja kukuambia nimeanguka?"

Hapo ndipo uso unapomfunguka, na binti anamrukia na koti lake lililolowa. Pacha hawageuki, mashine moja imeanza kukamua.

Jumatatu hiyohiyo atampelekea mkuu wa kitengo matokeo, na mwisho wa mwezi ataomba nafasi hiyo kama wengine, safari hii akiwa na cheti mkononi. Baadaye anataka kusomea ulinzi wa mitandao. Si sasa. Mwaka huu kazi yake baada ya kazi ni kuogesha pacha, kupika na kuwakataza watoto kelele baba yao akiwa anasoma.

Mume anawakusanya watoto, kisha anarudi hatua moja na kumuuliza mkewe kwa sauti ya chini kama kusoma ni kugumu kwa mtu aliyevuka arobaini, aliyeacha daftari zamani.

"Ni kugumu sana," anamjibu, akimfunga pacha mmoja zipu. "Utasoma hivyohivyo."