Nilivyomtambulisha Mikayi Wangu

Mimi ni mtu wa Nyeri, nimehamia Kisumu majuzi tu, na Dholuo yangu inaishia kwenye kununua samaki.

Kanisa letu liliponipa kazi ya kupanga safari ya wanandoa, kupanda mawe na kulala kwenye mahema, nilichagua Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyobebana upande wa Bondo. Nilijiambia Kit ni kiti, na Mikayi ndiye mwenye kiti.

Nilipoenda kukagua, nilipokelewa na mwongoza wageni, mama wa umri wa nyanya yangu. Alipanda mawe yale kwa malapa huku mimi na buti zangu mpya tukihema nyuma. Alinionyesha maji yanakopita mvua ikinyesha, na mahali hema halitalowa. Nilimstahi mno, nikaanza kumwita Mikayi.

Alinitazama kidogo. "Haya, Baba, umeniita, nimeitika."

Siku ya safari mvua ilinyesha kweli, lakini hakuna hema lililoingia maji. Kwa furaha nikamshika yule mama mkono mbele ya kanisa zima.

"Wapendwa, huyu ndiye Mikayi wangu. Bila yeye nisingekuwa na pa kulala."

Pasta alikohoa. Wazee wakatazama viatu vyao. Mke wangu Wanjiru, anayeuza vitambaa soko la Kibuye na kuongea Dholuo na wateja kutwa, akauliza polepole, "Baba Njeri, unajua mikayi ni mke wa kwanza?"

Kabla sijajibu, yule mama alimnyooshea Wanjiru mkono.

"Karibu nyumbani, mke mwenza."